Asifuye Mvua, Je, Imemnyea?

Siku hizi mtu akitaka kununua friji hamwulizi tena jirani; huiuliza simu. Simu nayo haikawii kujibu. Hutoa picha ya friji yenyewe iking'ara kama yai, chini ya picha nyota tano za manjano, na chini ya nyota maneno ya watu: nzuri sana, naipenda, ni kama nilivyoiona. Msomaji huzihesabu nyota, akasoma sifa tatu nne, moyo ukatua, akatoa pesa. Nataka leo tuulizane, ndugu wasomaji: hao wasemao ni nani, wameona nini, na neno lao lina uzito gani mbele ya mtu aliyeshika mkononi akiba ya miaka miwili?

Swali hili nililikuta Kongo. Simaanishi nchi ya mto mkubwa na misitu, bali mtaa wa Kongo ulioko Kawangware, Nairobi, mwisho wa njia ya matatu za 46. Hapo yupo mama mmoja, mjane, auzaye maziwa ya mtindi na sharubati. Biashara ya namna hiyo bila ya friji ni kamari: mvua ikinyesha wateja hawaji, na maziwa yaliyobaki humwagwa. Akacheza chama na wenzake, zamu yake ilipofika akaongeza alichokiweka, akapata Sh. 28,000. Mtoto wa dada yake akamfungulia simu, wakachagua friji iliyosifiwa na mamia ya watu. Ikaletwa mlangoni siku ya pili. Wiki ya saba ikanyamaza.

Fundi wa mtaani aliifungua akasema mota imeungua. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba dhamana ya mwaka mmoja haihusu uharibifu uletwao na umeme mbaya. "Baba," aliniambia mama yule, "watu wote wale waseme uongo? Mamia yote?"

Nilimwomba anionyeshe hayo maneno ya watu, tukayasoma pamoja juu ya benchi lake, moja baada ya jingine, kwa muda wa saa nzima. Na hapa ndipo nilipoanza kuona mambo. Zaidi ya nusu ya sifa zile zilimsifu mletaji: kafika mapema, kapiga simu kabla ya kuja, ana adabu. Haya ni mema, lakini ni sifa za kijana wa bodaboda, si sifa za friji. Nyingine zilisifu kwamba chombo hakikukwaruzwa njiani. Nyingine ziliandikwa siku ile ile ya kukipokea, kabla hata barafu haijaganda. Ni sawa na kumsifu mkwe siku ya posa, naye kavaa kanzu aliyoazimwa. Friji huonyesha tabia yake baada ya miezi, wakati ambapo aliyeisifu ameshasahau alichokiandika na hana haja ya kurudi.

Kwa hiyo jibu la swali la mama yule ni kwamba wengi wao hawakusema uongo. Walisema kweli juu ya jambo jingine. Nadhani hili ndilo kosa kubwa zaidi katika nyota hizi kuliko hata ulaghai, na halizungumzwi, kwa sababu halina mwizi wa kushikwa.

Kisha kuna jambo la mahali. Mtu akisifu friji yake akiwa Kileleshwa, yeye asifu friji pamoja na umeme wa Kileleshwa. Kule Kongo, na Kibera vivyo hivyo, nyumba nyingi hupata umeme kwa waya mmoja uliogawanywa na kugawanywa tena, wenyewe huuita sambaza. Kwa hesabu za serikali umeme wa Kenya ni volti 240. Jioni, kila mtu anapowasha pasi na koili ya kupikia, hizo volti hupungua mpaka taa ikawa nyekundu kama kaa la moto. Mota ya friji ikikosa nguvu ya kuanza huvuta mkondo mkubwa, hupata joto, na nyaya zake huungua. Ukikatika umeme na kurudi kwa kishindo, ni balaa jingine. Kipo kidude cha kuchomeka baina ya friji na ukuta, ambacho hukata umeme unapozidi au kupungua, kikangoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya friji. Katika sifa zote tulizozisoma, hakuna hata mmoja aliyekitaja, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekihitaji.

Nasi wa pwani tusicheke, maana yetu ni makubwa zaidi. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 na zaidi, na hewa yake ni baridi. Friji isiyohangaika huko, ikiletwa Mombasa, Lamu au Unguja mwezi wa Februari itahema mchana kutwa. Watengenezaji wanalijua hili, na hubandika herufi ndani ya friji au nyuma yake: N ni kwa mahali pasipozidi nyuzi 32 za joto, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Herufi ile moja ya T yamfaa mtu wa Kisauni kuliko nyota elfu za watu wa bara. Na birika la umeme je? Mtu anywaye maji ya Ndakaini, maji laini yatokayo milimani, atalisifu birika lake miaka mitatu. Sisi tuchemshao maji ya kisima yenye chumvi twaona magadi meupe yakiganda ndani yake kabla ya mwezi kwisha. Pasi, feni, mashine ya kufulia, vyote huliwa na kutu ya bahari.

Tena wako ndugu zetu wanaosoma sifa zilizoandikwa Marekani. Huko umeme ni volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde, hapa kwetu ni mizunguko 50. Chombo chenye jina moja na picha moja chaweza kuwa na mota nyingine kabisa ndani yake. Hata mahujaji wetu yapasa watazame. Kitu cha Muscat au Dubai kitaingia katika soketi yetu bila ya ugomvi, lakini Saudia umeme wao huenda kwa mizunguko 60, na vyombo vingine vilitengenezwa kwa nyumba zao za zamani za volti 127. Blenda iliyosifiwa Jeddah ikaja kutoa moshi Malindi haikusingiziwa sifa. Imehamishwa tu.

Sasa tuje kwenye uongo wenyewe, maana upo. Kibera, karibu na Makina, pale walipoanza kukaa wazee wa Kinubi, askari wa zamani waliotoka Sudani na ambao kizazi chao kilikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017, nilikaa na kijana mmoja baada ya sala ya alasiri. Kijana mstaarabu, amesoma, hana kazi ya kudumu. Miongoni mwa vibarua alivyovipata kwenye intaneti ni kuandika sifa. Hupewa picha ya chombo na jina lake, akaambiwa aandike sifa kumi, kila moja kwa sauti yake: hii ya mama wa nyumbani, hii ya mwanafunzi, hii ya mzee. Nikamwuliza, "Je, mashine yenyewe umepata kuiona?" Akacheka kwa haya. "Mzee, hata jina lake sijui linavyotamkwa."

Simlaumu peke yake. Aliyemtuma ana ofisi yenye kiyoyozi. Wala hili si jambo la Kibera tu, ni biashara ya dunia nzima. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani ilimshitaki muuzaji aliyelipa ili aandikiwe sifa za uongo katika duka la Amazon. Mwaka 2022 Amazon wenyewe waliwashitaki wasimamizi wa vikundi zaidi ya 10,000 vya Facebook ambamo watu walikuwa wakinunuliwa ili watoe nyota. Mwaka 2023 tume hiyo hiyo iliitoza kampuni ya The Bountiful dola 600,000 kwa hila nyingine ya ajabu: bidhaa mpya iliunganishwa na bidhaa ya zamani iliyokwisha kusifiwa, nyota za mkubwa zikarithiwa na mdogo ambaye hajafanya lolote. Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku sifa za kubuni mwaka 2024, na Uingereza nayo sheria yake ikaanza kazi Aprili 2025.

Msomaji atasema, mimi uongo naujua nikiuona. La, hasha. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walikusanya sifa 400 za kweli na 400 za kubuni juu ya hoteli 20 za Chicago. Walipowapa watu watatu sehemu ya maandishi hayo wayatenganishe, watu hao hawakufanya vizuri zaidi sana kuliko mtu arushaye sarafu. Na wakati ule walioandika walikuwa binadamu. Siku hizi hata kijana wangu wa Makina ananyang'anywa riziki yake hiyo, kwa kuwa programu za akili unde huandika sifa mia moja kabla yeye hajamaliza kikombe cha chai, na kila moja ina sauti yake.

Haya si mageni katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza najshi: mtu kusimama mnadani akaongeza bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili mwingine avutike. Asifuye blenda asiyoijua kwa malipo afanya nini kingine? Na ushahidi wa uongo twajua umewekwa pamoja na madhambi gani. Sura ya Al-Hujurat, aya ya sita, yatuamrisha tuchunguze habari tuletewayo na mtu asiyeaminika tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Katika habari ya Kongo aliyedhurika ni mjane, na kudhurika kwenyewe ni mtaji wake wote.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alipenda kutueleza jinsi wanavyuoni wa hadithi walivyofanya kazi. Neno halikukubaliwa kwa kuwa ni zuri. Waliuliza: umelipokea kwa nani? Naye alikutana na aliyemtaja, au alisikia tu? Ni mwadilifu? Kumbukumbu yake ni nzima? Ana maslahi katika jambo hili? Wakaandika vitabu vizima juu ya hali za wapokezi, huyu wa kutegemewa, huyu dhaifu, huyu mwongo. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alizunguka nchi nyingi kwa kazi hiyo. Silinganishi hadithi tukufu na matangazo ya friji, Mwenyezi Mungu atuepushe. Nasema tu kwamba watu waliofunzwa kumpima msemaji kabla ya kupima maneno hawana sababu ya kuipigia magoti nyota.

Tukiitumia njia hiyo, mengi yatapukutika wenyewe. Asiyesema amekitumia chombo muda gani, atoke. Asiyetaja lolote ila mletaji, atoke. Sifa ishirini zilizoingia siku mbili kisha kimya cha miezi mitatu, zitiliwe shaka zote. Waliobaki ni wachache, na aghalabu si wenye nyota tano wala wenye nyota moja, maana wa tano amependezwa na wa moja ameghadhibika. Ni wale wa nyota tatu, watu waliotulia, wasemao mlango haufungi sawasawa lakini baridi ni nzuri. Na wakitokea watu wanne wasiojuana, kwa miezi tofauti, wakalalamikia kitu kimoja, tuseme kitufe kile kile cha blenda kinachovunjika, basi hapo mimi hushawishika kuliko kwa sifa zote za juu. Anayelipa hununua sifa. Ni nadra akanunua kasoro ndogo ya kitufe, ila akiwa mshindani wake, na hilo nalo hutokea.

Lakini pana jambo la kwetu ambalo limenisumbua zaidi. Nimewauliza jamaa zangu kadha wa kadha wa pwani, wanawake kwa wanaume, kama waliwahi kuandika neno baya juu ya kitu walichokinunua kikawaharibikia. Karibu wote walisema la. Kwa nini? Mmoja alisema si uungwana. Mwingine alisema amemsitiri mwuzaji. Wa tatu aliogopa kwamba ni kusengenya. Na hao hao, mpwa wao akifungua duka la simu au la vyombo, huingia siku ile ile wakampa nyota tano, kumtia moyo kijana. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Nawaambia kwa heshima kwamba hapa tumeuchanganya uungwana na uoga. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Riyadhu Swalihin ametaja mambo sita ambayo kwayo kumtaja mtu kwa aibu yake huruhusiwa, na mojawapo ni kuwaonya Waislamu na shari na kuwapa nasaha. Mtu akikutaka shauri juu ya jambo, kumficha kasoro unayoijua ndiyo hiana. Mnunuzi asomaye maneno yako kwenye simu amekutaka shauri, ingawa hamjaonana. Tukinyamaza sisi wakweli, uwanja huachiwa waliolipwa na walioghadhibika. Ndipo nyota nne na nusu zinapozaliwa: kwa sehemu ni uongo, na kwa sehemu kubwa ni ukimya wa waungwana.

Wala nisieleweke kwamba nalilia zamani. Zamani tulidanganywa pia, tena uso kwa uso. Nani hamkumbuki dalali wa mnadani aliyeapa kwa jina la Mungu juu ya redio isiyo na valvu? Chukua mfano wa jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lililoanza kuuzwa Kenya mnamo mwaka 1982. Lilifuata wazo lililotoka Thailand, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakalifanya lao. Halikuhitaji nyota. Mwanamke alimwona jirani akipika kwa makaa machache, akalitaka. Kizuri chajiuza. Lakini lilipopata jina, wakaja waigaji na udongo usiochomwa vizuri, likapasuka mapema, nalo likauzwa kwa sifa ile ile ya lile la kwanza. Sifa imekwisha kutoka mdomoni haimjui mwenyewe. Yeyote aweza kuivaa.

Nani basi wa kuulizwa? Mimi huuliza fundi kabla ya kumwuliza mwuzaji. Fundi wa Kongo aliyeifungua friji ya yule mama alikuwa na maiti za friji nane nyuma ya kibanda chake, na aliweza kuniambia kila moja imekufa kwa nini, na vipuri vya ipi hupatikana Luthuli Avenue na vya ipi havipatikani popote. Ujuzi huo haumo katika simu yoyote. Naye, kwa haki, tukumbuke ana friji zake kuukuu za kuuza, kwa hiyo neno lake pia lipimwe.

Ya serikali si ya kudharau. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa ya kiwango cha kuridhisha na haki ya habari azihitajizo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 yakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Shirika la viwango, KEBS, lililoundwa mwaka 1974, lina alama zake za ubora, na mtu aweza kutuma nambari ya alama hiyo kwa ujumbe wa simu kwenda 20023 ajue kama ni ya kweli. Lakini alama ya KEBS hueleza kwamba kitu kimefikia kiwango. Haikuambii kipi kati ya vitano kitadumu. Wenzetu Wamarekani tangu mwaka 1936, na Waingereza tangu mwaka 1957, wana majarida ya watumiaji ambayo hununua vyombo kwa pesa zao wenyewe, wakaviendesha mpaka vichoke, kisha wakatangaza matokeo. La namna hiyo kwa Kiswahili sijapata kuliona, na sioni kwa nini vyuo vyetu vya ufundi, vyenye karakana, walimu na wanafunzi wanaotafuta la kufanya, visilianze.

Kwa maduka ya kwenye simu nina ombi moja dogo lisilogharimu kitu. Msimwulize mnunuzi maoni yake siku ya kupokea mzigo. Siku hiyo mwulizeni juu ya mletaji, basi. Mwulizeni juu ya chombo baada ya miezi sita, na jibu lake mliandike pamoja na mji wake.

Wale kina mama wa chama cha Kongo hawakungoja. Wamenunua daftari la kurasa 96 wakalichora safu: chombo, bei, duka, siku kilipoingia, siku kilipoharibika, fundi alisema nini, mwuzaji alisema nini. Daftari hukaa kwa mweka hazina pamoja na la michango, na hakuna atakayepewa pesa za kununua chombo kabla ya kulipitia. Nilipoondoka lilikuwa na vyombo kumi na kimoja, pamoja na ile friji, ambayo sasa ina mota nyingine na kile kidude cha kuilinda.

Ukurasa huu nao uko tayari. Mwenye friji, pasi, blenda, feni au birika lililomaliza mwaka kwake, liwe zima au limekufa, na alete habari zake: ni chombo gani, mji gani, maji ya bomba au ya kisima, umeme wa aina gani, miezi mingapi. Asiyeweza kuandika na amwambie mwanawe amwandikie. Sifa za mletaji hatutazichapa.